Kwapani na Nchani

Nachingwea, Jumamosi 10 Februari 2024

Karanga huchanua kabla watu hawajaamka sawasawa. Nimetoka nyuma ya nyumba adhana ya alfajiri imeshapita na jua halijachomoza, nikayakuta maua yamekwisha funguka: ya njano, madogo, yamejibanza chini kabisa pale jani linaposhikana na tawi. Saa nne yataanza kulegea. Atakayekuja mchana ataona vijinyuzi vilivyosinyaa tu, aseme karanga hazina maua. Nimewahi kusikia hivyo kutoka kwa watu wanaozilima miaka yote.

Nimeng'oa mche mmoja, nikauweka mezani pamoja na wembe na lenzi. Ua lenyewe ni la ukoo wa kunde, halijifichi: petali moja pana nyuma, mbili za ubavuni, na mbili za mbele zilizoungana zikafunika stameni na stigma. Kwa kuwa hizo za mbele hazifunguki, chavua huishia kwenye stigma ya ua lilelile, nyuki aje asije.

Kinachodanganya ni kikonyo, maana kinachoonekana kuwa kikonyo ni mrija. Sepali, petali na stameni zimeungana kwa chini na kurefuka, na ndani ya mrija huo unapita uzi wa staili, mwembamba kuliko uzi wa kushonea, hadi kwapani mwa jani. Ovari iko huko. Petali zimepanda juu kutazama jua, ovari haijatoka kwapani. Nimeupasua mrija kwa wembe taratibu mpaka nikauona uzi wenyewe, na chai ikapoa.

Siku chache baada ya ua kunyauka, sehemu iliyo chini ya ovari huanza kurefuka kama kijiti, huinamia ardhini na kuisukuma ovari mbele, mbegu changa zikiwa nyuma tu ya ncha. Ikishazama sentimita chache ncha hugeuka ikalala, ndipo ganda linatunga. Bila giza la udongo haitungi. Kwa hiyo maua yanayotoka juu sana ya mche, sentimita kumi na tano na kuendelea, mengi yake ni kazi bure, kwa sababu kijiti hakifiki chini. Wanaopandishia udongo kwenye mashina wakati wa palizi wanakipunguzia safari.

Jumanne 13 Februari

Kidato cha Tatu, uzazi wa mimea. Mchoro wa kitabuni ni ule wa siku zote: ua moja limepasuliwa katikati, limeelea hewani, mishale kila upande, kila mshale na jina lake la kukariri. Tunafundisha kwa Kiingereza, lakini swali la maana limeulizwa kwa Kiswahili, na msichana wa dawati la nyuma ambaye huwa hasemi: "Mwalimu, sasa hili ua limetokea wapi?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Mchoro hauna shina, hauna jani, hauna tawi. Mtoto anaweza kupata alama zote bila kujua kama ua hilo lilikuwa peke yake au katika shada, kama lilikuwa nchani mwa tawi au kwapani mwa jani. Na hilo la mwisho ndilo linaloamua mmea utafanya nini baadaye. Ua likikaa kwapani, ncha ya shina inabaki huru, inaendelea kurefuka, kutoa majani mapya na makwapa mapya. Ua likikaa nchani, safari ya tawi hilo imekwisha. Likitaka kuendelea itabidi machipukizi ya pembeni yaanze upya.

Nimewatoa nje hadi kwenye mahindi ya shule, maana hindi linabeba yote mawili kwenye shina moja. Juu kabisa kuna mbelewele, maua dume matupu, na yakishatoka shina halirefuki tena. Gunzi lenye maua jike liko kwapani mwa jani, katikati ya shina, limefungwa maganda, kila uzi wa ndevu zake umetoka kwenye punje moja. Yule msichana akauliza kwa nini dume awe juu. Nikamwambia mahindi hayana nyuki wa kuyategemea, yana upepo, na kilicho juu kinamwaga chavua mbali. Akaandika. Wenzake walikuwa wanaangalia kama kuna hindi linalofaa kuchoma.

Jioni nimerudi kwenye karanga zangu na swali hilohilo. Ziko aina mbili kubwa, na tofauti yao husomeka shinani kabla ya kufukua chochote. Zile fupi za kusimama hutoa maua hata kwenye shina kuu, kwapa baada ya kwapa bila kuruka. Zile za kutambaa shina kuu halichanui kabisa. Maua yako kwenye matawi ya pembeni tu, na hata huko makwapa mawili hutoa maua, mawili yanayofuata hutoa matawi, hivyo hivyo kwa zamu. Zangu ni Pendo, mbegu iliyotolewa mwaka 1998, ya kusimama: shina kuu lina maua. Aina hizi hukomaa mapema, lakini mbegu zake hazilali. Mvua ikizikuta bado ardhini zimekomaa, huotea humohumo.

Jumamosi 2 Machi

Nilikuwa na shughuli Stesheni. Treni hakuna tangu miaka ya 1960, jina la kata limebaki. Reli ililetwa kwa ajili ya karanga. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilimtuma John Wakefield na wenzake kuangalia kama Tanganyika ingeweza kuwalimia mafuta ya kula, maana vita ilikuwa imewaacha na njaa ya mafuta. Wakarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa Kongwa, Urambo na huku kwetu Kusini. Kazi ikaanza 1947. Bandari ya Mtwara ikachimbwa, reli ikatandikwa, misitu ikafyekwa kwa matrekta yaliyotumika vitani. Januari 1951 mpango ukafutwa, zaidi ya pauni milioni 36 zimekwenda.

Sababu zilikuwa nyingi: vipuri, mvua, mizizi ya miti, haraka. Ila moja inanihusu mimi mwenye wembe na lenzi. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi, na mvua ikikatika hukauka ukawa mgumu kiasi cha kuzishinda mashine za kuvunia. Mmea gani mwingine wa biashara ungeumizwa hivyo na udongo mgumu? Pamba huchumwa juu. Alizeti hukatwa juu. Karanga ndiyo inayochanua juu ikazaa chini. Ekari milioni tatu zilitegemea kijiti cha sentimita chache kipenye ardhi na kitoke salama.

Udongo wa hapa Nachingwea ni rafiki zaidi, na karanga zimebaki mikononi mwa watu wa jembe la mkono. Ipo hata aina iliyopewa jina la wilaya, Nachingwea 2009. Sijaipanda.

Ruangwa, Jumapili 24 Machi

Kwa mjomba, Mfungo wa Ramadhani. Nimefika mapema kabla jua halijawa kali.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja kupalilia au kuhesabu maua?"

Ufuta wake umefika kiunoni na unachanua. Katika mimea yote ya huku, huu ndio ningeuweka kwenye kitabu cha shule badala ya lile ua linaloelea hewani, maana kila kitu kiko wazi kwenye shina. Majani ya chini yako mawilimawili yanatazamana, ya juu yanapishana. Kila kwapa lina ua, na maua hufunguka kwa mpangilio kutoka chini kwenda juu. Ukisimama mbele ya shina moja unausoma wakati wote wa mmea kwa jicho moja: chini maganda yaliyojaa, juu yake maganda machanga, juu yake maua ya leo, juu yake tumba za kesho na keshokutwa, na nchani kabisa majani yaliyokunjamana ambayo hayajaamua kuwa nini.

Ua lenyewe limeinama kidogo, jeupe lenye zambarau hafifu ndani, petali zake tano zimeungana zikawa mrija wenye midomo miwili, na mdomo wa chini ni mrefu zaidi. Nyuki hutua hapo. Stameni ziko nne, mbili ndefu na mbili fupi, ya tano haikukua. Zote zimeshikamana na petali. Ndiyo sababu asubuhi unaona maua na jioni unayaona yamelala chini mazima: mrija wote huchomoka na stameni zake, ovari inabaki peke yake kwapani.

Kitu kilichonifanya nichelewe juani ni vitezi vya njano. Pembeni mwa kikonyo cha kila ua, kulia na kushoto, kuna tezi ndogo inayong'aa. Kwenye aina za ufuta zinazotoa ganda moja kwa kwapa, tezi hizo ni maua yaliyosimamishwa. Kwapa lilikuwa na nafasi ya maua matatu. La katikati likaendelea, mawili ya pembeni yakaacha kuwa maua yakawa visima vya asali. Ziko aina ambazo yote matatu huwa maua, na kwapa moja hubeba maganda matatu. Hizi za mjomba ni za ganda moja, na sisimizi walikuwa wanapanda na kushuka shina zima wakisimama kwenye kila tezi. Nikamwonyesha kwa lenzi. Akatazama sana, akasema, "Kumbe hawa wanalipwa."

Halafu akaniuliza swali ambalo ndilo la ufuta wote: nimwambie siku ya kukata. Hakuna siku. Shina halina ua la nchani la kulisimamisha, kwa hiyo linaendelea kuchanua huku maganda ya chini yanakomaa na kupasuka. Ukisubiri ya juu, ya chini yamekwisha mwagika. Ukiwahi ya chini, ya juu ni mapepe. "Chini matanga, juu harusi," mjomba alisema, "na wewe uko ngazini na mundu."

Watu wamehangaika na hili kwingine. Mwaka 1943 huko Venezuela, mtafiti Derald Langham aliona mmea wa ufuta ambao maganda yake hayapasuki kabisa. Furaha ilikuwa kubwa, mpaka walipojaribu kuyapura kwa mashine: ganda lisilopasuka lilishikilia mbegu hadi zikapondeka. Tangu hapo wazalishaji wa mbegu wanatafuta ganda la katikati, linalofunguka kidogo na kushika kidogo. Mjomba hakushangaa. Alisema mlango usiofunguka si mlango.

Jumatano 27 Machi

Mpapai wa nyuma ya ofisi ya walimu ni dume, na kila muhula kuna anayetaka ukatwe. Maua yake yako kwenye mashada marefu yanayoning'inia, mengi, membamba, yana harufu nzuri jioni. Mpapai jike ua lake ni nene, limeng'ang'ania shinani karibu kabisa na kwapa. Mantiki yake naipenda: papai zito litategemezwa na shina, si na uzi mrefu. Ila leo mwenzangu wa Jiografia amekuja na habari kwamba dume lina papai. Kweli, dogo, refu, linabembea mwisho wa shada. Hutokea, maua ya mwisho mwisho ya dume wakati mwingine huwa na ovari. Suala la kuukata limeahirishwa.

Nachingwea, Jumanne 7 Mei

Kimbunga Hidaya kimepita mwishoni mwa wiki. Barabara ya Dar es Salaam imekatika kule Somanga, mabasi yamekwama, na watu wenye wagonjwa na mizigo wanahangaika. Mimi wasiwasi wangu ulikuwa ufuta wa mjomba, kwa sababu alishaanza kukata.

Amenipigia. Alikata majani ya chini yalipokuwa ya njano na maganda mawili matatu ya chini yameanza kupiga rangi ya kahawia. Ya juu ameyasamehe. Kisha akafunga matita na kuyasimamisha wima, kila tita limeegemea jingine. Hapa ndipo mpangilio wa ua unamrudishia mkulima sehemu ndogo ya kile ulichompotezea. Ganda la ufuta husimama sambamba na shina, ncha juu, na hupasukia nchani. Tita likisimama wima, maganda hukauka na kufungua midomo yao kuelekea mbinguni, na mbegu hukaa ndani. Siku ya kupura unaligeuza kichwa chini juu ya turubai, unaligonga kwa fimbo, na mbegu humwagika zenyewe. Likianguka likalala, zinamwagika kwenye mchanga. Upepo na mvua kwenye tita lililosimama ndiyo hatari, kwa kuwa maji yanaingia kwenye midomo hiyo hiyo na mbegu zinapata weusi, na mbegu nyeusi ghalani wanaipima kwa jicho lingine.

Matita mengi yamesimama. Machache yameanguka, hakutaja ni mangapi, nami sikuuliza. Anasubiri minada ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI ianze, kisha ajue kama mwaka ni mzuri.

Jumapili 9 Juni

Likizo. Mbaazi zimechanua njia nzima ya kwenda Naipanga. Ua la ukoo uleule wa karanga, njano, baadhi petali ya nyuma ina michirizi myekundu. Stameni kumi: tisa zimeungana, moja imejitenga. Mbaazi za kienyeji zinazochelewa huweka vishada vyake karibu na ncha za matawi, pamoja, kwa hiyo mtu huvuna juu akiwa amesimama. Hupandwa Desemba lakini husubiri siku ziwe fupi ndipo zichanue. Bei hazipangwi na siku: mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi za kuingiza, zilibaki majumbani huku Kusini hadi zikatobolewa na wadudu. Wengi walizipandia mikorosho katikati wakasahau habari yake.

Ruangwa, Jumamosi 6 Julai

Mikorosho. Nimekuwa nikiiogopa kuiandika kwa sababu iko mingi na kila mtu anaijua.

Mkorosho ni mti wa nchani. Tawi likitoa majani mapya ya rangi ya shaba, mwisho wa chipukizi hilo hutokea shada kubwa lenye matawi na vitawi, na kila kitawi kinaishia na ua. Hilo la mwisho hufunguka kwanza, kisha yanafuata ya pembeni yake. Kinyume cha ufuta kabisa. Shada likishatoka, tawi limefunga hesabu za mwaka. Msimu ujao machipukizi ya pembeni, chini ya pale shada lilipokuwa, ndiyo yatakayoendelea.

Maua ya shada moja ni mamia, na wengi hawajui kwamba hayalingani. Mengi ni dume matupu. Machache tu yana ovari na stameni pamoja, na katika hayo machache ni machache zaidi yatakayofika kuwa korosho. Petali tano, krimu zikifunguka, baada ya siku zinageuka waridi. Kwa hiyo shada moja lina rangi mbili na mtu wa mbali anadhani ni maua ya miti miwili. Ndani kuna stameni moja ndefu inayowapita wenzake wote, na hiyo ndiyo inayoonekana bila lenzi.

Halafu bibo. Watoto wangu wa darasani hugoma kuamini hadi waone: tunda ni korosho yenyewe, ile ya ganda gumu. Bibo ni kikonyo cha ua kilichonenepa. Korosho hutangulia kukua hadi karibu ukubwa wake wote ikiwa imesimama juu ya kikonyo chembamba, ndipo kikonyo kinajaa maji na rangi. Tunachonyonya ni bua.

Kwa kuwa maua yote yako nchani, mti huzaa pale tu ncha zake zinapopata jua. Shamba la mjomba lilipandwa na bibi, miti imebanana, matawi yameingiliana, na ndani ya mwavuli kuna giza na vijiti vikavu. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele wanasema mita kumi na mbili kutoka mti hadi mti. Bibi alipanda kwa macho.

Jumapili 7 Julai

Tumeamka saa kumi na moja kupulizia salfa, mjomba na kijana wake wenye mashine, mimi na kitambaa usoni. Lazima iwe mapema, pasipo upepo, umande ungali kwenye mashada, unga ushike. Ubwiriunga, ukungu wa mikorosho, hukamata kilicho laini: chipukizi, shada changa, ua ambalo halijafunguka. Shada likikomaa limepona. Lakini mti mmoja hautoi mashada yote siku moja, upande wa jua hutangulia, kwa hiyo salfa hurudiwa kila baada ya majuma mawili matatu mpaka mashada ya mwisho yapite.

Mjomba anakumbuka ugonjwa ulipoingia. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata tani 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 zilikuwa hazifiki 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa mbovu, halafu ubwiriunga ukaonekana mwishoni mwa miaka ya 1970 na kumalizia. Anasema mashada yalikuwa yanatoka meupe kwa ukungu, yakakauka yakiwa yamesimama, na hakuna aliyejua afanye nini.

Kwenye miti miwili ya mpakani hatukukuta mbu wa mikorosho, wala mashada yaliyoungua ncha. Kuna majimoto, sisimizi wanaowafukuza. Wameshona majani, wanazunguka mashadani usiku na mchana, maana mkorosho nao una vitezi vya asali kwenye majani na mashada. Kijana wa mashine anataka kuwachoma moto kwa kuwa wanamng'ata shingoni. Mjomba kamkataza: "Hao wanalipwa, muulize mwalimu."

Baada ya chai tumezunguka kuamua ipi ikatwe ibebeshwe mbegu bora. Vijiti vya kubebeshea vitachukuliwa kwenye ncha ambazo hazijatoa shada, tumba yake ikiwa imejaa lakini haijafunguka. Tawi lililokwisha kuchanua halifai. Nimefunga vitambaa kwenye ncha ninazoziona zinafaa katika mti wa jirani, kwa ruhusa yake. Mjomba amekubali kukata mitatu iliyobanana karibu na njia. Nikamwonyesha wa nne, ulio katikati, ambao una giza kuliko yote. Akasema huo ni wa bibi, na akaenda kuosha mashine.